Mashudu ni ya Nani?

REHEMA: Karibuni tena jamani. Shemeji, mbona sauti imekauka hivyo?

ELIA: Vumbi la Singida hilo. Nimerudi juzi usiku. Nilikwenda kumkamulia mama alizeti yake, na nimegombana na watu mashineni.

REHEMA: Wewe? Kugombana?

ELIA: Mimi. Magunia matatu, mizani ikasoma kilo 195. Tukakamua, tukapata lita 50, madumu mawili na nusu. Nageuka nikusanye mashudu, yale makapi ya mbegu yanayobaki, kwenye viroba, kijana ananiambia, "Hayo acha, ni ya mashine." Na hela ya kukamua nimeshalipa!

REHEMA: Lakini si kuna mashine zinazokamua bure, zikabaki na mashudu?

ELIA: Bure sawa, mmekubaliana. Mimi nimelipa. Kilo 140 na ushee, shemeji, na kuku wa mama wanasubiri. Niliyashika yakiwa bado ya moto, yanatoka kama magamba. Ukiyafinya vidole vinang'aa mafuta.

REHEMA: Hapo mashine yao imechoka. Pole. Sasa turudi kwenye mada: ukilima mbegu za mafuta ili upate dizeli, nishati uliyotia shambani na kiwandani inarudi? Tulisema tuanze na mibono kaburi, yaani jatropha, ya Kisarawe, kisha methanoli, ile kemikali inayochanganywa na mafuta ili yawe dizeli, tumalizie na karanga za Kongwa.

ELIA: Tutafika. Ila mada yenyewe ndiyo hiyo ya mashudu. Marekani, mwaka 1998, maabara yao ya taifa ya nishati jadidifu ilipiga hesabu ya soya: ukitumia nishati ya kisukuku, yaani ya petroli, gesi na makaa ya mawe, kipimo 1, unapata dizeli ya vipimo 3.2. Mwaka 2005 watafiti wa vyuo vikuu, David Pimentel wa Cornell na Tad Patzek wa Berkeley, wakasema hapana, unatumia asilimia 27 zaidi ya unachopata. Soya ileile, nchi ileile!

REHEMA: Na alizeti walisema asilimia 118 zaidi. Yaani utie vipimo viwili na ushee upate kimoja.

ELIA: Kwa matrekta na mbolea za kule. Mama analima kwa ng'ombe. Sasa, ugomvi wao una mengi, wale wa 2005 walihesabu mpaka nishati ya kutengeneza mitambo ya shamba. Lakini jambo kubwa mojawapo ni mashudu. Katika kilo 100 za soya, mafuta ni 18 hadi 20. Wale wa 1998 waligawa mzigo wa kilimo, yaani nishati iliyotumika shambani, kwa uzito: mafuta yakabeba sehemu yake, mashudu yakabeba iliyobaki.

REHEMA: Ndipo ninapokataa. Trekta halikuingia shambani kutafuta mashudu. Kama umelima kwa ajili ya dizeli, hesabu yote ya shamba ni ya dizeli.

ELIA: Mbona kijana wa mashine hakuona hivyo? Aliyang'ang'ania kuliko mafuta!

REHEMA: Kwa sababu yana soko. Siku kila mtu akikamua dizeli, mashudu yakajaa mji mzima, nani atayataka? Halafu ona, kugawa kwa uzito kuna kasoro kubwa. Mashine nzima inakamua lita 60, mbovu inakamua 50 kutoka magunia yaleyale. Kwa uzito, kila kilo ya mafuta inabeba mzigo uleule wa shamba. Mashine mbovu inapata alama sawa na nzima! Mama yako amepoteza lita 10, na karatasi inasema hakuna kilichotokea.

ELIA: Hazijapotea. Zimo kwenye mashudu, kuku anazila, ananenepa.

REHEMA: Kuku si injini.

ELIA: Lakini kuku angekula kitu kingine, na hicho kingine kingelimwa. Hiyo nishati umeiokoa.

REHEMA: Umeiokoa kwenye banda, siyo kwenye tangi. Mimi nauliza gari.

ELIA: Huwezi kuuliza gari peke yake! Mbegu ilikua yote kwa pamoja, chini ya mvua moja.

REHEMA: Haya, nipe mibono. Kule Engaruka watu wanaipanda iwe ua, kwa sababu mifugo haiigusi. Mashudu yake ni sumu. Hapo nani anabeba mzigo?

ELIA: Yanarudi shambani yawe mbolea. Na mbolea ya naitrojeni ya dukani inatengenezwa kwa gesi, kwa hiyo bado umeokoa.

REHEMA: Kama yamerudi kweli. Yakiachwa yameoza uani kwa mwenye mashine?

ELIA: Hilo ni kosa la mwenye mashine, siyo la hesabu.

REHEMA: Hesabu inayodhani kila mtu atafanya vizuri siikubali, shemeji. Siikubali.

ELIA: Na mimi isiyoyaona mashudu siikubali. Nimeyashika kwa mkono.

REHEMA: Dakika mbili zimebaki, na Kisarawe hatujaigusa.

ELIA: Methanoli angalau. Kilo 100 za mafuta zinataka kama kilo 10 za methanoli, na nyingi inatokana na gesi asilia. Kwa hiyo hata…

REHEMA: Hiyo inataka kipindi kizima. Kongwa nayo tuiache. Tulipanga mambo matatu, tumefanya nusu ya moja.

ELIA: Kaka si anakwenda Singida Jumamosi?

REHEMA: Anakwenda.

ELIA: Mwambie apitie pale mashineni na viroba.

REHEMA: Vingapi?

ELIA: Vitatu, vile vikubwa. Risiti ninayo mimi, nitampa Ijumaa.