Lile gauni la kizamani Verdi mwenyewe hakulitaka

Nimeshalisema hili sehemu nyingi na leo nalirudia, maana kila nikiitaja La Traviata, ile opera ya Verdi, yaani mchezo unaoimbwa mwanzo mwisho, ilivyochezwa Salzburg, Austria, 2005, lazima ainuke mtu aseme wameiharibu, wamemvua Violetta, yule mwanamke mgonjwa ambaye hadithi ni yake, gauni refu wakamvisha kigauni chekundu cha juu ya magoti. Sasa jamani, hilo gauni refu nani alilitaka? Verdi alitaka waimbaji wavae kama watu waliokaa ukumbini pale Venice, Machi 1853! Ni wakubwa ndio waliokataa, wakairudisha hadithi nyuma mpaka 1700 huko, ili mtazamaji ajiambie haya ni ya kale, hayanihusu. Na ilikuwa ya juzi tu, Marie Duplessis, mwanamke ambaye hadithi ilitoka kwake, alikufa Paris 1847 kwa kifua kikuu, ana miaka 23.

Ila mimi nataka tukae kwenye ile saa ya jukwaani. Mwongozaji Willy Decker kaondoa kila kitu, mazulia, mataa, vyote, kabakiza ukuta mweupe uliojipinda, makochi, na saa kubwa kuliko mtu. Pembeni ya saa kuna mzee kakaa kimya. Unadhani ni mauti, alafu unakuja kugundua ni daktari Grenvil, yule ambaye siku zote anaimba vimistari vichache na mwishoni anamnong'oneza Annina, mtumishi wa Violetta, kwamba zimebaki saa chache tu. Decker kamleta toka mwanzo, anamwangalia tu binti wa watu.

Mtu ataniuliza, hilo lipo kwenye muziki au kalitunga? Lipo! Zile violini za sauti ndogo kabla pati ya mwanzo haijaanza, si ndio zinazorudi Violetta akiwa kitandani anakufa? Verdi kaanza na kifo alafu ndio akamwaga shangwe juu yake, kwa hiyo ile saa hajaileta Decker, yeye kaifanya tuione kwa macho. Na kwenye pati ya Flora, rafiki yake Violetta, wanailaza hiyo hiyo saa wanaichezea kamari, yani wanacheza kamari juu ya muda wake, kwaya nzima suti nyeusi, wanawake nao suti, anayeonekana mwanamke ni Violetta peke yake, na mwanaume mmoja anavaa gauni jekundu kama lake kumdhihaki. Mimi hapo huwa nashindwa kuangalia.

Sisemi kila cha kisasa ni kizuri, ukiweka simu jukwaani na hujasikiliza violini hujafanya kitu.

Kuhusu baba yake Alfredo, yule mpenzi wa Violetta, muda hautoshi, na Netrebko, aliyeimba Violetta, tutamzungumza siku nyingine, ila lile tukio la tatu, Violetta anakaribia kufa na umati unaingia na msichana mwingine, gauni jekundu lile lile, hilo mkaliangalie wenyewe.

Naomba mzime taa, nawawekea ule utangulizi. Msiangalie saa kwanza, muangalieni Violetta anavyoingia, anavyotembea.