Mchezo Usioingia Kwenye Kirikuu

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni. Wengi hapa mna vikundi, kwa hiyo sitaeleza igizo ni nini wala kulia kwamba hatuna wafadhili. Nina ugomvi wangu wa siku zote: mchezo wa kusafiri hautengenezwi kwanza ndipo utafutiwe gari. Gari ndilo linaanza.

Chukueni kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Bodi lake halifiki mita mbili kwa urefu, na upana haufiki mita moja na nusu. Plaiwudi nzima ni futi nane kwa nne, yaani mita 2.44. Tayari karibu nusu mita inaning'inia nje, na pembe hiyo ndiyo itakayofika Morogoro imemeguka. Kata kila plaiwudi katikati, piga bawaba, ikunjwe. Au achana na mbao kabisa: kitambaa cha marekani, bomba mbili na kamba, umepata ukuta wa kubeba begani. Viti viwe maboksi, maleba, yaani mavazi ya waigizaji, yasafiri humo ndani.

Mtasema mchezo utaonekana fukara. Fukara ni yule ambaye ukuta wake mzuri umebaki stoo Kinondoni, yeye yuko Bagamoyo.

Sasa umeme, na hapa mnivumilie. Taa moja ya zamani ya jukwaani hula wati 1000. Kwa volti 230, hiyo ni ampea 4.3. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Taa tatu, umeifikisha ukomo. Lakini vikundi vinachomeka nne kwenye ekstensheni moja, halafu fundi anasema, "Mbona zinawaka?" Zinawaka, ndiyo! Fyuzi ya 13 haikatiki palepale kwa ampea 17, inaweza kuvumilia muda mrefu. Kinachoanza kuumia ni plagi. Onyesho la kwanza linapita, la pili linapita, la tatu watazamaji wa mstari wa mbele wanasikia harufu ya plastiki na kudhani ni sehemu ya mchezo. Na kama waya ni wa kuzungusha, ufungue wote hata kama unahitaji mita tatu tu. Ukibaki umeviringwa, joto halina pa kutokea.

Tena kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Taa nne kwa saa tatu, pamoja na kujaribisha, ni uniti 12. Mita ya ukumbi wa shule ina uniti ngapi? Muulize mlinzi kabla ya kufungua pazia, siyo gizani.

"Tutabeba jenereta." Nani atamsikia mwigizaji? Ukiipeleka mbali, waya unakuwa mrefu, na waya mrefu mwembamba unapunguza nguvu hadi taa zinakuwa za njano. Tafuteni taa za LED za wati 150. Nane ni wati 1200, ampea 5 na kidogo, soketi moja inatosha na spika zinapata nafasi.

Halafu mnaalikwa shuleni saa nne asubuhi, madirisha hayana mapazia. Ile "giza linaingia" yenu itaingia wapi? Kila badiliko la taa lipate mwenzake wa ngoma, au waigizaji wagande. Lifanyieni mazoezi mara mbili, na taa na bila taa. Kikundi kisichofanya hivyo hukutana na jua mbele ya wanafunzi, na wanafunzi hawana huruma.

Muda unakimbia. Sakafu ya mazoezi bandikeni utepe, mita tano kwa nne, mwigizaji asivuke. Kusimamisha jukwaa kusizidi dakika 90, pimeni kwa saa. Mazoezi ya mwisho yafanyike na mtu mmoja hayupo, maana malaria haiangalii ratiba. Vibali mnavijua: sheria ya mwaka 1976 inataja filamu na michezo ya kuigiza pamoja, usajili uko BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na kwa afisa utamaduni wa wilaya nendeni na barua mkononi, simu haitoshi. Kutoka mjini ondokeni alfajiri, foleni ya Kimara sina haja ya kuwahadithia. Zanzibar ni hesabu nyingine, kila boksi litapita mikononi mwa wachukuzi, kwa hiyo lisizidi kilo 20.

Nilitaka kusema posho na mgawanyo wa kiingilio, lakini naonyeshwa saa. Mwenye futikamba anifuate, tupime mlango wa ukumbi huu. Nauona hautapitisha plaiwudi ya mtu.