Ba Zheng San: Dawa Nane kwa Mkojo Unaochoma

Ndugu zangu, fomula hii imo katika kitabu cha dawa cha serikali ya enzi ya Song nchini China, Taiping Huimin Heji Ju Fang, kilichohaririwa mara kadhaa, pamoja na mwaka 1151. Waganga wa huko huitoa kwa kile wanachokiita lin ya joto: mkojo unachoma na kutoka matone matone, rangi yake imekolea, tumbo la chini limekaza, kinywa kikavu, ulimi una utando wa manjano. Mgonjwa aliyedhoofika, mwenye baridi na choo laini, hapewi hata kama mkojo unamsumbua.

Dawa zenyewe ni qu mai (mmea wa Dianthus), bian xu (Polygonum aviculare), mbegu za che qian zi (Plantago), mu tong (shina la mmea, nitalieleza chini), unga wa jiwe la talki, tunda la zhi zi (Gardenia), mzizi wa da huang (Rheum) na urukususu uliokaangwa. Zote uzito sawa. Da huang hufungwa ndani ya donge la unga wa ngano, huokwa kwenye majivu ya moto, kisha donge hutupwa. Vyote husagwa, kipimo kimoja ni qian 2, yaani gramu 8 hivi kwa mizani ya wakati ule. Huchemshwa katika kikombe cha maji pamoja na nyuzi za deng xin (kiini cha mmea wa Juncus) mpaka zibaki sehemu 7 kati ya 10, huchujwa, hunywewa vuguvugu baada ya chakula na wakati wa kulala.

Siku hizi wengi huchemsha vipande badala ya unga, na hapo ndipo makosa huanza. Mbegu na talki zisipofungwa kwenye kitambaa, mbegu hutoa utelezi, hushika chini ya sufuria na kuungua, na dawa huwa tope. Da huang ikichemshwa mno, nguvu yake ya kuharisha hupungua. Na imewekwa makusudi, ili joto lipate njia ya pili ya kutokea, kwa choo.

Lakini la kuangalia kuliko yote ni mu tong. Inayotakiwa ni mmea wa Akebia. Katika karne ya 20 maduka mengi yaliuza guan mu tong, yaani Aristolochia manshuriensis, yenye asidi ya aristolokiki inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. China iliipiga marufuku 2003. Mtu anatibiwa mkojo, kumbe anaharibiwa figo! Muuzaji asiyeweza kukuonyesha jina la kisayansi la mmea, usinunue kwake. Wengi sasa huweka tong cao (kiini cha shina la Tetrapanax) badala yake, nami naona ni busara.

Mjamzito asiinywe kabisa. Mwenye shinikizo la damu ajihadhari na urukususu, kwani hupandisha shinikizo na kushusha potasiamu. Wala isinywewe wiki baada ya wiki.

Homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno, au mkojo kuziba kabisa: hospitali siku hiyohiyo, maambukizi yanaweza kuwa yamefika kwenye figo. Na kwetu, mtu anayeoga ziwani akikojoa damu, apimwe kichocho kwanza. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli. Hakuna hata moja kati ya hizi nane inayoifanya kazi hiyo.