Jinsi ya Kutambua Mchongo wa Kisu cha Kukunja kwa Rula na Karoti

Karibuni tena, wapenzi watazamaji. Leo nipo kwenye meza yangu ya kunolea hapa Kamukunji, Nairobi, na mdundo mnaousikia nyuma yangu ni wa mafundi wa jua kali wanaofua masanduku ya bati, kwa hiyo itanibidi nipaze sauti. Kazi yangu ni kunoa visu na kuuza vinoo. Wateja wengi huniuliza chuma kipi ni bora, nami huwajibu kwamba kabla ya kuuliza chuma, waulize ubapa umechongwa vipi kutoka mgongoni hadi makalini, kwa sababu visu viwili vya chuma kilekile vinaweza kukata kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo.

Fungueni visu vyenu, vifuteni mafuta, tuanze.

Nyoosha mkono, elekeza ncha upande wako, kisha tazama kisu kuanzia nchani kuelekea mpinini. Utaona umbo la kabari, na umbo hilo ndilo tunalolitafuta. Hiki chekundu ni Victorinox cha Uswisi, cha ukoo wa kisu cha maofisa kilichosajiliwa mwaka 1897, na pande zake zinashuka zikiwa zimenyooka. Huo tuuite mchongo bapa. Hiki kizito ni Buck 110 cha Marekani, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, na pande zake zimebonyea kama ndani ya kijiko. Huo ni mchongo mbonyeo. Hiki cha mpini wa mbao ni Opinel nambari 8 cha Ufaransa, chenye ubapa wa sentimita 8.5, na pande zake zimetuna kidogo sana. Huo ni mchongo mbinuko. Cha nne hakina jina, nilikinunua hapa mjini, na pande zake zinabaki nene hadi katikati ndipo zinateremka ghafla.

Naona kwenye skrini kwamba kamera haionyeshi tofauti yoyote. Mwanga wa mlangoni unapiga kwenye chuma na kuvifanya visu vyote vionekane bapa. Subirini nigeuze meza. Sasa ni afadhali, ingawa ule mbinuko wa Opinel bado hauonekani, na ndiyo maana tunahitaji rula.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Chukua rula ya chuma, isimamishe kwa ukingo wake juu ya ubapa, ikingame kutoka mgongoni kuelekea makalini, kisha inua vyote viwili mbele ya taa. Rula ikome milimita mbili hivi kabla ya makali. Isiguse makali. Ukiona mwanga unapita katikati, mchongo ni mbonyeo. Rula ikiyumba huku na huku kama ubao juu ya jiwe, mchongo ni mbinuko. Usipoona mwanga wala kuyumba, mchongo ni bapa. Unapomaliza, inua rula moja kwa moja kwenda juu. Usiiburute. Nimesema usiiburute kwa sababu niliwahi kuiburuta juu ya kisu cha mteja, makali yakajikunja kwa urefu wa ukucha, na nikatumia sehemu kubwa ya mchana kuyarudisha. Narudia kwa kisu cha pili ili mwone: naweka, natazama, nainua. Mkono wangu wa kushoto uko nyuma ya mgongo wa kisu, hauko chini ya makali. Kwa anayeanza, ukingo wa kadi ya plastiki unatosha, na hata hiyo kadi usiiburute.

Sasa karoti, nene kadiri utakavyopata. Kata kipande kwa kila kisu, ukisukuma chini polepole. Kisikilizeni hiki kisicho na jina: karoti imelia «ta!» na kupasuka kabla makali hayajafika kwenye ubao. Makali yake ni mazuri, niliyanoa jana mwenyewe. Tatizo ni unene ulio nyuma ya makali, ambao unatanua karoti badala ya kuipitia. Buck inaingia kwa wepesi mkubwa mwanzoni, kisha inakwama pale ubonyeo unapoisha na ubapa unapoanza kunenepa. Victorinox inapita vizuri. Opinel inapita karibu bila sauti, na mimi, kwa kachumbari, sitaki kisu kingine. Hata hivyo sikidharau kile kinene: ukiwa na kazi ya kuchonga kigingi au kubandua mbao za kreti, nyama iliyo nyuma ya makali yake ndiyo itakayoyalinda yasimeguke, ilhali Buck ina makali membamba ambayo nisingeyapindisha ndani ya ubao.

Kuhusu kufunga nitasema kwa kifupi. Victorinox hii inashikiliwa na springi ya mgongoni pekee, kwa hiyo usisukume kitu kwa ncha yake, maana inaweza kukufungia vidoleni. Buck ina kabari ya kuifungia mgongoni, ambayo unaibonyeza karibu na mwisho wa mpini. Opinel ina pete unayoizungusha, iliyoongezwa mwaka 1955, na mpini wake wa mbao huvimba ukilowa, ukaubana ubapa usifunguke. Msimu wa masika wateja huniletea wakidhani kisu kimeharibika. Gonga kitako cha mpini juu ya meza, hivi, ubapa utachomoza vya kutosha kuushika.

Kilichobaki ni kunoa, na mchongo ndio unaoamua namna. Ukiiacha Opinel, vile vitatu vingine vinatosheka na kinoo changu cha pande mbili, chenye chembe za namba 400 upande mmoja na laini zaidi za namba 1000 upande wa pili, ambacho nakiuza hapa mezani. Shikilia pembe moja, digrii 20 hivi kila upande, tangu mwanzo hadi mwisho. Opinel nayo, ukitaka kuuhifadhi ule mbinuko wake, usiilaze kwenye jiwe gumu, kwa sababu jiwe litausawazisha. Kata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kiweke juu ya ubao, tandika msasa mlaini juu yake, kisha vuta kisu mgongo ukitangulia, makali yakifuata nyuma. Mpira utabonyea na kulifuata umbo la ubapa. Ukifika mwisho wa msasa, inua kisu. Hapa pia, usikizungushe wala kukiburuta pembeni. Vuta mara kumi upande huu, mara kumi upande wa pili, kisha jaribu kwenye gazeti.