Kiti Kimoja cha Seneti, na Maisha Yetu Hapa Minnesota

Hamjambo watu wangu. Ndiyo nimetoka zamu ya usiku, niko ndani ya gari hapa Brooklyn Park, Minnesota, mwisho wa Novemba 2025. Baridi imeshaingia. Leo sitawatembeza madukani. Nina jambo limenikaa moyoni, na ni siasa, ile siasa ambayo huko nyumbani haifiki kwenye taarifa ya saa moja.

Nianze na mjomba wangu. Novemba 2022 alinipigia simu kutoka Keroka. Kenya ilikuwa imetoka kupiga kura Agosti, watu bado wana joto la siasa. Akaniuliza, "Haya mama, huko nani amepita?" Nikamwambia gavana ni yule yule, Tim Walz, lakini Seneti ya jimbo imegeuka. Akasema, "Seneti si iko Washington?"

Wengi wenu mnadhani hivyo, na siwalaumu. Lakini kila jimbo la Marekani lina bunge lake. La Minnesota linakaa St. Paul, na lina mabaraza mawili. La chini lina wabunge 134. La juu, Seneti, lina maseneta 67. Naam, 67, sawasawa na maseneta wetu wa Kenya, ila hapa hakuna wa kuteuliwa na chama. Kila mmoja ametumwa na wilaya yake yenye watu kama 85,000. Na mswada usipopita kote kuwili, gavana hauoni mezani kwake.

Sasa, tangu Januari 2017 Seneti hiyo ilikuwa mikononi mwa Republican. Baraza la chini lilikuwa la Democrats, ambao hapa wanaitwa DFL, yaani chama cha Wademokrati, wakulima na wafanyakazi, tangu 2019. Basi mambo yanatoka huku, yanafia kule. Uchaguzi wa Novemba 8, 2022 ulipohesabiwa, DFL walikuwa na viti 34 na Republican 33. Tofauti ni kiti kimoja.

Tulieni kidogo hapo. Wilaya ya 41, pande za Cottage Grove na Hastings, Judy Seeberger wa DFL, mwanasheria ambaye pia ni mhudumu wa ambulansi, alimshinda Tom Dippel wa Republican kwa kura 321. Mia tatu ishirini na moja! Hao ni waumini wa kanisa moja Jumapili ya kawaida. Hao wangebaki nyumbani siku ile, Seneti ingeweza kubaki ilivyokuwa.

Kwa nini nalia na hesabu hizi? Kwa sababu ya mzee mmoja wa kwetu, jirani yangu. Jina lake nitalihifadhi. Hana makaratasi. Amefanya kazi hapa miaka mingi, na miaka yote hiyo alikuwa anaendesha gari bila leseni, kwa sababu tangu 2003 jimbo hili lilikuwa halimpi leseni mtu asiye na kibali cha kuishi. Na hapa bila gari hufiki kazini. Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, basi la karibu liko mbali. Mzee alikuwa akiona taa za polisi nyuma yake, hata kama hazimhusu, anaegesha kando na kushika usukani kwa mikono miwili mpaka zipite. Nimewahi kukaa naye ndani ya gari hilo. Sikuwa na la kumwambia.

Mwaka 2019 baraza la chini lilipitisha mswada wa leseni kwa wote. Seneti ikaukalia. Baada ya Seneti kugeuka, mswada ulirudi, na Februari 2023 Seneti ikaupitisha kwa kura 34 dhidi ya 31. Hesabuni wenyewe: 34 ni DFL wote, mpaka yule wa kura 321. Walz akautia saini Machi 7, na kuanzia Oktoba 1, 2023 watu wakapanga foleni ya mtihani. Mzee wetu alifaulu. Alikuja kunionyesha kadi yake akiwa ameishika kama mtu aliyeshika cheti cha ndoa.

Bunge lile lile likapitisha likizo ya uzazi na ya ugonjwa yenye malipo. Najua mtashangaa, maana Kenya mwanamke aliyeajiriwa ana miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara, kwa sheria. Marekani, nchi hii tajiri hivi, sheria ya taifa inakupa majuma 12 bila senti, tena kama umetimiza masharti. Nimefanya kazi na msichana aliyerudi kuwainua wazee vitandani kabla mtoto wake hajafikisha mwezi, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Sheria ya Minnesota ilitiwa saini Mei 2023, lakini malipo yanaanza Januari 1, 2026. Wiki chache tu zimebaki. Yule msichana ana mimba ya pili.

Lakini sitawaambia nusu. Mwaka 2023 walipitisha pia kwamba wasio na makaratasi waweze kujiunga na MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo. Ilianza Januari mwaka huu. Uchaguzi wa 2024 baraza la chini likatoka 67 kwa 67, sare kabisa, na ili bajeti ipite Juni hii, watu wazima wakaondolewa. Watoto wamebaki. Katika baraza la chini, kura pekee ya DFL iliyokubali ilikuwa ya Melissa Hortman, aliyekuwa spika wakati zile sheria nzuri zinapita. Aliipiga ili serikali ya jimbo isifungwe. Siku chache baadaye, Juni 14, yeye na mumewe Mark waliuawa kwa risasi nyumbani kwao, hapa hapa Brooklyn Park. Usiku ule ule Seneta John Hoffman, mmoja wa wale 34, alipigwa risasi pamoja na mkewe huko Champlin. Wao walipona. Sisi tulifungiwa ndani siku hiyo, helikopta zikizunguka juu. Bado siwezi kulizungumza vizuri.

Kwa hiyo Desemba 31 bima ya mzee wetu inafungwa, na kesho yake malipo ya uzazi yanafunguliwa. Yote mawili yametoka jengo moja. Na Novemba 2026 viti vyote 67 vya Seneti vinarudi kwa wananchi. Ndugu zangu mlio Minnesota na mna uraia, nendeni mkajiandikishe. Msiishie kwa gavana. Shukeni na karatasi ya kura mpaka chini.

Mzee ana sukari na presha. Kesho saa tatu ana miadi, daktari amuandikie dawa za miezi mitatu kabla bima haijakatika. Nimeomba ruhusa kazini nimsindikize. Ameniambia nilale njiani, yeye ataendesha.