Safu Iliyokosekana kwenye Fomu

Mbukwenyi! Wenyeji mmeitika, nimefurahi. Walimu wangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo.

Nimeombwa niwaeleze mtu anasomaje mipangomiji hadi akawa mpangaji wa usafiri. Ya vyeti nayapitia haraka. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, shahada ya mipangomiji ni miaka minne. Chuo cha Ardhi Morogoro kinatoa astashahada na stashahada. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Mabibo, Dar es Salaam. Baadaye kuna kusajiliwa na bodi ya wataalamu wa mipangomiji, kwa sheria ya mwaka 2007. Hayo mtayakuta kwenye mbao za matangazo. Mimi nataka tuongee kuhusu fomu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu magari hapa hapa Dodoma. Nilisimama njia panda tangu saa 12 asubuhi, fomu juu ya kibao, nachora vijiti: vinne wima, cha tano kinakata. Kila robo saa mstari mpya. Kulikuwa na safu ya magari madogo, ya daladala, ya malori, ya bajaji, ya bodaboda. Kabla ya saa 1 akaja mama mmoja, beseni la mchicha kichwani, mtoto mgongoni. Akasimama ukingoni muda mrefu, kisha akavuka mbio, beseni kalishika kwa mikono miwili. Nikainamisha kichwa nimwandike. Hana safu. Nyuma yake wanafunzi wa shule ya msingi, kisha mafundi na ndoo zao. Kwa karatasi ile, hakuna aliyepita.

Jioni nilimuuliza msimamizi wangu. Akanijibu, “Tumetumwa kuhesabu vyombo vya moto.” Na hesabu hizo ndizo zilizokwenda kupima upana wa lami. Jamani, mnaliona tatizo? Lami ikiongezwa upana kwa hesabu ile, yule mama anaongezewa mita za kukimbia.

Hapa kwetu jambo hili linaniuma zaidi, kwa sababu mji huu haukufikiriwa hivyo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na mpango kabambe wa 1976, uliochorwa na wataalamu kutoka Toronto, ulitaka mitaa ambayo mtu anafika sokoni na shuleni kwa miguu, na mitaa hiyo iunganishwe kwa njia za mabasi. Kisha watu wakaja. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya 410,000. Ya 2022, zaidi ya 765,000. Viwanja vikapimwa mbali. Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Karani anayelala Nkuhungu na kufanya kazi Mtumba anavuka mji mzima kila asubuhi. Safari yake haikuletwa na barabara. Ilizaliwa siku ramani ya viwanja ilipogongwa muhuri. Kwa hiyo usiiache ardhi ukadhani umehamia kwenye usafiri. Ni somo lile lile.

Darasani mtafundishwa maswali manne: safari ngapi zinaanza eneo fulani, zinaelekea wapi, kwa chombo gani, kwa njia ipi. Yajueni vizuri, pamoja na takwimu na ramani za kompyuta. QGIS, programu ya kuchora ramani hizo, haina malipo, msisubiri kufundishwa. Ila swali la tatu ndilo linalopotosha wengi, maana chombo cha watu wengi hapa ni miguu. Hata abiria wa treni ya SGR, inayofika Dodoma tangu Julai 2024, akishuka na begi lake bado ana kipande cha safari mbele yake. Nani amekipanga?

Nimezungumza na walimu wenu. Kesho saa 12 kamili asubuhi tukutane stendi ya daladala ya Sabasaba, kila mtu na kalamu, karatasi tupu na maji ya kunywa. Fomu mtachora wenyewe. Safu ya kwanza kushoto, andikeni waenda kwa miguu.