Kufuli la RNA ndani ya kiini cha seli

Mabibi na mabwana, kliniki huulizwa swali hili: mtu ametumia ARV miaka mingi, kipimo hakioni kirusi, mbona akiacha dawa kirusi hurudi baada ya wiki chache? Jibu tulitafute ndani ya kiini cha seli.

Jeni za VVU hujichomeka katika DNA yetu. Polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA, ikianza kuzinakili husogea kidogo tu, ikasimama. Ili iendelee inahitaji jozi ya protini, CDK9 na saiklini T1. CDK9 huipachika polimerasi fosfati, kikemikali kidogo, mkiani, nayo ikaondoka.

Jozi hiyo haiachwi izurure. Sehemu kubwa imefungiwa kwenye RNA iitwayo 7SK, yenye herufi kama 330, ikisaidiwa na protini HEXIM1. Kazi hii ya 7SK ilibainika mwaka 2001, na hadi leo inanisisimua. Tulizoea kufundisha kwamba RNA ni tarishi, kazi yake kupeleka ujumbe. Kumbe 7SK haibebi ujumbe wowote; imeshika funguo.

Sasa kitazameni kirusi. Herufi 59 za mwanzo za RNA yake hujikunja kama pini ya nywele, nasi tunaiita TAR. Ubavuni pana kinundu cha herufi tatu. Hapo ndipo Tat, protini ya kirusi, inaposhika. Tat huinyang'anya 7SK ile jozi na kuifikisha pale polimerasi ilipokwama. Nakala zinamiminika, zikiwemo za kuunda Tat nyingine. Jinsi Tat inavyooana na saiklini T1 yetu kunashangaza: katika mnyororo wa asidi amino unaoiunda saiklini T1, nafasi ya 261, sisi tuna asidi amino iitwayo sisteini, panya ana nyingine, tirosini. Kwa hilo moja tu, Tat haifanyi kazi vizuri katika seli za panya.

Kwenye seli za kinga zilizotulia, saiklini T1 ni haba na Tat hakuna. Jeni za kirusi zimenyamaza, na ARV haziwezi kuzing'oa. Seli ikiamka bila dawa mwilini, Tat kidogo tu inatosha kuanzisha mzunguko upya.

Wapo watafiti wanaotaka kuziamsha jeni hizo ili seli zinazozibeba ziuawe. Wengine wanataka kuizuia Tat, zisiamke kamwe. Mimi naegemea kwa hawa wa pili, kwa sababu CDK9 inazihudumia pia jeni zetu wenyewe, ilhali Tat ni ya kirusi peke yake.